Wa Kwanza Kupewa Dawa

Niliona kwanza waya wa chaji. Ulikuwa umeviringwa vizuri, mizunguko yote sawa, ncha imepenyezwa katikati ili usifumuke. Ulikuwa juu ya stuli kando ya kitanda cha kaka, na simu yake pembeni, imezimwa.

Mtu mwingine angeona waya tu. Lakini kaka yangu ni fundi umeme, na fundi umeme haviringi waya kazi ikiwa haijaisha. Kazi ikiendelea nyaya hutapakaa sakafuni na wenye nyumba huziruka. Ukimwona ameanza kuviringa, ujue anafunga begi.

Yeye mwenyewe alikuwa amegeukia ukutani.

Jioni ile ya Jumamosi nilirudi kazini sina hata nguvu za kuvua viatu. Nafanya kazi kwa dobi. Jumamosi ndiyo siku ya mashuka ya nyumba za wageni. Yanakuja matenga kwa matenga, na tangu asubuhi ni kukunja na kupiga pasi mpaka mgongo unakuwa kama wa kuazima. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, upande wa miguu yake, kwa sababu huko hasikii mtu akikaa.

"Umekula?"

"Nimekula."

Sahani ilikuwa pale pale nilipoiacha, imefunikwa.

Mwaka jana kaka alianguka kutoka juu ya ghala alipokuwa akifunga taa. Tangu hapo, kiuno kwenda chini si chake tena. Lakini nyumbani kwetu hakuna mgonjwa. Neno hilo halisemwi. Wiki za mwanzo alikuja mtu kumjulia hali, shangazi akamjibu mlangoni, "Mgonjwa amelala." Kaka hakuwa amelala. Alisukuma chakula siku ile, na siku iliyofuata pia. Basi tangu hapo wageni huambiwa Fundi amepumzika. Kliniki tunaiita "kule". Na ninapotaka kumgeuza ubavu ili asipate vidonda, nasema, "Kaka, ngoja ninyooshe shuka." Naye huniacha ninyooshe. Hakuna shuka lililonyooka mjini kote kama la kitanda kile.

Kilichomtoa ukutani mara ya kwanza ni gemu. Katika gemu ana miguu. Anabeba ngao kubwa kama mlango, anasimama mbele, na wenzake wanapigana nyuma yake. Wenzake walikuwa mafundi aliofanya nao kazi, na mmoja wao ndiye aliyekuwa akiwaongoza kwa sauti. Ili apate mwanga wa dirisha kwenye kioo cha simu, ilibidi kaka ageukie chumbani. Akishageukia chumbani anaona watu, anaona sahani, anasema chumvi imezidi. Nilipenda sana akisema chumvi imezidi.

Lakini wale mafundi waliondoka mmoja mmoja. Mmoja alipata mapacha. Mwingine alihamia mahali ambapo mtandao unapatikana kwa kupanda kilima. Na asubuhi ile, aliyebaki alikuwa ameaga kwamba hachezi tena.

"Msimu unafungwa kesho alasiri," kaka alisema, bado anautazama ukuta. "Amebaki Chura wa Mawe tu, adui wa mwisho, na Chura hapigwi na mtu mmoja. Basi. Tumefika mwisho."

"Anataka watu wangapi?"

"Watano."

"Mimi nipo."

"Wewe hujawahi kucheza, Mkia." Ananiita Mkia kwa sababu nilipokuwa mdogo nilimfuata kila mahali, mpaka chooni nilimngoja mlangoni.

"Nimekutazama kila siku."

"Kutazama," alisema, akachekea puani. Ila hakusema hapana.

Mimi sikumjali Chura. Niliujali ule ukuta. Mara ya kwanza alipougeukia alikaa hivyo mpaka kidonda kikatokea nyongani, na kukiponya kulituchukua muda mrefu kuliko msimu wowote wa gemu. Sikuwa na nguvu za kuanza tena.

Basi nikatafuta watu, mimi ambaye kumwomba mtu chenji kunanitoa jasho.

Wa kwanza ni Kinyozi. Huja kwetu kila Jumamosi kumnyoa kaka. Siku ile kaka alikataa kunyolewa, na Kinyozi akaanza kurudisha mashine yake mfukoni. Nikamfuata hadi nje, nikaongea na viatu vyake. Nilimweleza habari za Chura.

"Kwa hiyo nikapigane na chura," alisema.

"Wa mawe."

"Ningeshangaa angekuwa wa kawaida." Akafikiri. "Unataka na mwingine? Yuko Mzee wa Funguo, pale tunapopakana vibanda. Kutwa anacheza ile ya kupanga matunda."

"Hii si kama ile."

"Si ni kidole tu, dada? Mzee ana kidole."

Wa mwisho alikuwa shangazi. Ni dada wa marehemu baba, ndiye aliyetulea, na ana simu nzuri kuliko zetu zote, ambayo huitumia kutazama harusi za watu asiowajua. Nilimkuta jikoni. Sikumwambia habari za chura. Nilimwambia kaka ameviringa waya. Alizima jiko, akasema, "Niwekee hiyo gemu."

*

Jumapili mchana tulikuwa tayari. Mimi nilikuwa kwenye mkeka kando ya kitanda cha kaka, na simu yangu yenye ufa. Shangazi alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta, kwa hiyo sauti yake niliisikia mara mbili, kwanza ukutani, kisha kwenye simu. Kinyozi na Mzee wa Funguo walikuwa vibandani kwao. Waya wa chaji ulikuwa bado juu ya stuli, umeviringwa vile vile. Kaka alikuwa amewasha simu kwa chaji iliyobaki, basi.

Aligawa kazi kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Yeye ngao. Kinyozi visu viwili. Mzee upinde, akae mbali. Shangazi ndiye tabibu. Alikuwa na fimbo, na akimgusa mtu kwenye kioo, mwanga wa kijani humfunika mtu huyo na uhai wake hujaa. Mimi nilipewa mwenge. Mbeba mwenge hapigi wala haponyi. Anasimama nyuma ya wote na kuwamulikia.

"Shangazi, kazi yako ni kutuponya tu," kaka alisema.

"Hiyo naijua. Nimewaponya tangu utotoni."

Tukaingia. Palikuwa pangoni, na Chura alikuwa katikati, mkubwa kama ghala, macho yake mekundu. Kaka akamkimbilia kwa ngao. Wakati huo huo mtandao ulimwingiza Mzee wa Funguo, aliyekuwa amechelewa.

"Shikamoo, Mzee," Kinyozi akasema, akasimama.

"Marahaba, kijana. Na huyo mwenye fimbo?"

"Ni mimi hapa," shangazi akasema. "Habari za kazi?"

"Nzuri, mama. Za nyumbani?"

"Salama. Na mkeo, lile goti?"

"Linaendelea vizuri. Anasalimia."

"Jamani, nakufa," kaka akasema.

Alikufa. Kisha Chura akatukanyaga sisi wengine, tukiwa tumesimama kwa heshima kama watu waliopanga foleni.

Mara ya pili kaka aliwaka. Alimfokea Kinyozi, akamfokea Mzee, halafu akasema, "Shangazi, ponya. Ponya. Unangoja nini?"

Mwanga wa kijani ulizimika. Nikasikia kandambili zikija. Shangazi akatokea mlangoni, simu mkononi, mwiko katika mkono mwingine.

"Rudia," alisema.

Kaka alitazama dari.

"Nasema rudia, nilikuwa sijasikia vizuri. Unamfokea nani?"

"Samahani, shangazi."

"Haya." Akarudi jikoni. Wakati huo sote tulikuwa tumeshakanyagwa.

Kaka aliweka simu kifuani. "Ongoza wewe, Mkia," alisema kwa sauti ya chini. "Nikiwa chini ya tumbo la Chura sioni kitu. Na mimi nikisema, nyumba inavunjika."

Sikuwahi kuongoza kitu maishani. Niliacha shule darasa la tano. Kusoma nasoma, lakini polepole, kama mtu anayevuka barabara kubwa, nasimama, natazama, naenda. Nilijaribu kuwaandikia amri. Nilipomaliza kuandika "rudini" hakuwepo wa kurudi.

Ikabidi nifungue kipaza sauti. Nilikigusa, kikawaka, maneno yote yakanikimbia.

"Nani anahema hapo?" Kinyozi akauliza baada ya muda.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Wa mwenge."

"Ah, dada. Nilidhani ni Chura."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Nikaanza kuwaelekeza. Nilikuwa nimemtazama kaka akipigana na Chura mara nyingi, nikimkanda miguu, kwa hiyo nilijua dalili zake. Akivimba koo, anataka kuruka na kukanyaga, lazima wote warudi nyuma ya nguzo. Koo likinywea, amechoka, ndipo mnamwendea. Nikaona koo linavimba.

"Shangazi," nikasema, "samahani, naomba, kama hutajali, urudi nyuma kido..."

Alipondwa kwenye "samahani".

"Mbona hukuniambia?" akasema.

Hilo ndilo lililokuwa tatizo. Nisingeweza kumwambia shangazi "rudi" hivi hivi, wala Mzee ambaye ni rika la babu. Mdomo wangu haukubali. Na adabu ni ndefu, Chura haingoji iishe.

Tulipumzika. Mzee alipata mteja aliyejifungia nje ya nyumba yake. Niliinuka. "Kaka, ngoja ninyooshe shuka," nikasema, nikampitishia mikono mgongoni, nikamvuta, nikamgeuza ubavu, nikamwekea mto nyuma. Ni mzito, na mikono yangu ilikuwa bado na uchovu wa mashuka ya jana. Nilikuwa nikinyoosha pindo chini yake ndipo nikakumbuka.

Kazini, shuka kubwa linakunjwa na watu wawili, kila mmoja upande wake. Mmoja anatoa maneno. Shika. Vuta. Legeza. Njoo. Ninayekunja naye ni mama mwenye umri wa kunizaa mara mbili, namwambia "vuta" na "njoo" kutwa nzima, na hajawahi kuniona sina adabu. Siyo yeye ninayemwambia. Naliambia shuka.

"Jamani," nikasema kwenye simu waliporudi wote. "Leo tunakunja shuka. Nikisema vuta, kila mtu anarudi nyuma mpaka nguzoni. Nikisema njoo, kila mtu anamwendea Chura. Nikisema shika, hakuna kutikisika."

"Na legeza?" Mzee akauliza. Zamani alikuwa akiishi karibu na dobi.

"Legeza ni kupumua."

Tukaingia tena. Koo likavimba. "Vuta," nikasema, na shangazi akarudi nguzoni mbio, na Mzee naye, hata hakuna aliyeguna. Chura akakanyaga mawe matupu. "Njoo." Visu vya Kinyozi vikamwingia mguuni. "Shika. Shika. Vuta."

"Eh," kaka akasema chini ya tumbo la Chura. Hiyo tu. Lakini aliisema akiwa macho.

Tukafika nusu ya uhai wa Chura, na hapo kaka akafa. Ngao ikianguka, hakuna kitu tena, sote tunakwenda. Tukarudia. Nusu, kaka akafa. Tukarudia. Jua lilikuwa limeshahama dirishani, macho yananiwasha, na ule ufa wa simu yangu ulikuwa umeanza kunikata kidole. Nusu, kaka akafa.

"Basi," alisema. "Mmejitahidi. Asanteni." Alinyoosha mkono kuweka simu kwenye stuli, juu ya waya.

"Mara moja tu, kaka," nikasema. "Nataka kuangalia kitu."

Mbeba mwenge anawaona wote. Safari hii nilimtazama tabibu peke yake. Nikaona mwanga wa kijani ukitoka kwenye fimbo, unakwenda nyuma kabisa ya pango, kwa Mzee wa Funguo, aliyesimama mbali, mzima, hajaguswa hata na vumbi. Ukamfunika. Kisha ukaja kwa shangazi mwenyewe. Kisha Kinyozi. Ndipo ukaja kwa kaka, aliyekuwa amekandamizwa chini ya Chura, na kabla haujafika akafa.

"Shangazi," nikasema, "unampa dawa Mzee kwanza?"

"Nimpe nani?"

"Lakini Mzee hajaumia."

"Ndiyo, ila ni mkubwa. Nianze na watoto, mtu mzima ananitazama?"

"Asante sana, mama," Mzee akasema. "Nilikuwa najiuliza mbona nang'aa."

Kinyozi alicheka. Kaka hakucheka. "Shangazi," alisema taratibu, "ngao ndiyo inayotakiwa kuponywa kwanza."

"Nimesikia. Na nikimruka Mzee, nitapita wapi kesho? Kibanda chake kiko njiani."

"Mimi sina neno, mama," Mzee akasema.

"Wewe utasema huna neno, ndiyo ukubwa wenyewe. Mimi mkono wangu hauwezi."

Na ni kweli haukuweza. Tulijaribu tena, nikamkumbusha, akaitikia, na nikaona mwanga ukimwendea kaka, ukasita, ukaenda kwa Mzee. Hakuwa mkaidi. Ni mtu ambaye maisha yake yote amepakua chakula kwa kufuata umri, na kidole kilifuata mkono.

"Basi mchukue kaka kama mgeni," nikasema. "Mgeni si anatangulia?"

"Mgeni gani? Huyu nimemfuta makamasi."

"Basi mimi ndiye mgeni," Kinyozi akasema. "Nianze mimi."

"Wewe kila Jumamosi uko hapa. Mgeni gani anajua tunapoficha sukari?"

Walicheka. Nilikuwa nalijua neno linalotakiwa. Babu alipokuwa hai, shangazi alimpakulia yeye kwanza siku zote, isipokuwa siku moja nilipokuwa na homa. Siku hiyo bakuli la kwanza lilikuja kwangu, na babu akangoja, na hakuna aliyeona ajabu. Kwa shangazi kuna mtu mmoja tu anayewatangulia wakubwa. Neno lilikuwa mdomoni mwangu. Nililimeza, kama ninavyolimeza kila siku, nikashika pindo la shuka lililokuwa likining'inia mbele yangu, nikalinyoosha, ingawa lilikuwa limenyooka.

Kaka aliniona nikifanya hivyo. Alitazama mkono wangu juu ya shuka, muda mrefu kidogo. Halafu akaisogeza simu mdomoni.

"Shangazi."

"Naam, baba."

"Anza na mimi. Mimi ni mgonjwa."

Jikoni kijiko kilikuwa kinagonga sufuria. Kikaacha. Kwenye simu nilisikia mashine ya Kinyozi ikiunguruma mkononi mwake, kisha naye akaizima.

"Mimi ndiye mgonjwa hapa," kaka akasema tena, kama mtu anayejaribu swichi mara ya pili kuona kama taa itawaka kweli. "Mzee atasubiri."

"Nitasubiri, mwanangu," Mzee akasema. "Sina haraka kabisa."

Sauti ya shangazi ikaja, ukutani kwanza, halafu mkononi mwangu. "Haya, baba. Mgonjwa kwanza."

Tukaingia. Sitasema tulipigana vizuri. Kinyozi alikuwa na kichwa cha mteja kilichonyolewa upande mmoja, na mteja alikuwa akilalamika. Mzee alipiga mishale mingi ukutani mwa pango. Lakini mwanga wa kijani ulikwenda kwa kaka, ukarudi kwa kaka, na shangazi alikuwa akisema kwa kila mguso, taratibu, "Mgonjwa. Mgonjwa. Haya, mgonjwa," kama anayemlisha mtu uji. Tulipita nusu. Hatukuwa tumewahi kuona upande ule. Macho ya Chura yakawa meupe, na dalili zake zikabadilika, koo likavimba mara mbili mfululizo, na mimi sikujua kitu tena, nilikuwa nasema tu kile mikono yangu ilichokuwa ikifanya. Vuta. Shika. Vuta. Njoo. Njoo. Njoo.

Chura akakaa chini. Mawe yakaanza kumwachia, moja moja, mpaka likabaki rundo.

"Amekufa au amekaa?" Mzee akauliza.

"Amekufa," kaka akasema.

Hakuna aliyepiga kelele. Nadhani kila mtu alikuwa amechoka. Mteja wa Kinyozi tu ndiye aliyesema, "Sasa, ndugu yangu, na huku kushoto?" Kila mmoja wetu akapewa kofia. Ilikuwa ya kijani, ina macho mawili ya chura juu.

"Kofia gani hii," shangazi akasema. "Inanifanya niwe na kichwa kikubwa." Ila hakuivua.

Kaka alikuwa amelaza kichwa kwenye mto, uso chumbani. Simu yake ililia, chaji inakwisha. Alinyoosha mkono kwenye stuli, akachukua ule waya, akaichomoa ncha yake katikati, akautikisa mara moja. Ukafumuka wote, ukaanguka sakafuni, sehemu yake ikaniangukia miguuni. Akanipa ncha nichomeke.

"Nigeuze, Mkia," alisema. "Ubavu huu umekufa ganzi."

Hakusema habari za shuka. Nami sikusema. Nikamgeuza.

Huku kwenye simu walikuwa bado wanaongea. "Msimu mpya unaanza kesho," Kinyozi akasema. "Wanasema kuna Nge."

"Nge ana mkia, atatusumbua," Mzee akasema. "Tuanze mapema. Jumatatu wateja wangu ni wachache."

"Mimi nikishaosha vyombo niko huru," shangazi akasema. "Ila dada wa mashuka ndiye wa kuulizwa. Bila yeye tutabaki kusalimiana."

"Saa ngapi, dada?"

Kaka naye alinitazama, uso wake umechangamka chini ya ndevu, nikafurahi, kweli nilifurahi. Na hapo hapo nikaiona kesho yote. Matenga mlangoni kwa dobi. Sokoni. Kule, maana Jumatatu ni siku ya kwenda kule, nitamsukuma kwenda na kumrudisha. Kumwosha, kumgeuza, kupika, kumgeuza. Kisha Nge.

Sikuwahi kulalamika hata siku moja. Watu husema nina moyo. Si moyo. Katika nyumba isiyo na mgonjwa hakuna anayeuguza, na kama hakuna anayeuguza, mtu atasema amechoshwa na nini? Amechoshwa na shuka? Nilikuwa nimelishika neno langu muda wote kaka alipolishika lake, kama shuka la watu wawili. Sasa yeye alikuwa ameachia, na mimi nilikuwa nimebaki upande wangu, nimevuta peke yangu.

Kipaza sauti kilikuwa bado kinawaka. Ningeweza kukifunga kwanza. Sikukifunga.

"Kaka," nikasema, "nimechoka."